Vyuma Visivyoijua Chumvi

Verna Ollila aliisoma bili mara mbili, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu sasa alikuwa amevaa miwani. Jumatatu alilileta gari lake likigonga upande wa mbele, ko-ko-ko kila lilipoingia shimoni, akaambiwa itakuwa dola mia sita na arobaini. Leo Ijumaa karatasi ilisema elfu tatu mia nane na sitini. Palikuwa na shokapu mbili, mikono miwili ya chini inayoshika magurudumu, bushi zake, na saa za kazi zinazotosha kujenga banda la kuku na kulipaka rangi. Mwishoni kabisa palikuwa na kitu kinachoitwa vifaa vya karakana, dola tisini.

"Hivi vifaa vya karakana ni nini?" aliuliza.

"Ni matambara, mama," alisema Kelsey, binti wa kaunta. "Na sabuni."

"Matambara na sabuni dola tisini."

"Ndivyo kompyuta inavyoweka yenyewe."

Verna alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa amenunua sabuni ya kuoshea sahani za watoto wa mji mzima tangu Kelsey hajazaliwa, na alijua dola tisini zinanunua sabuni kiasi gani. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini alikuwa ameahidi nyumbani kwamba hatafoka, basi akaiweka bili juu ya kaunta, akailainisha kwa viganja viwili taratibu, akageuka kumtazama mumewe.

Reino alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mashine ya bisi, fremu yake ya kutembelea mbele ya magoti. Figo zake zilikufa mwaka juzi. Mara tatu kwa wiki lazima apelekwe hospitali ya Marquette kwenye mashine ya kusafisha damu, mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa njema, na basi la wagonjwa haliji mpaka mji wao wa Nivala. Jumatano hakwenda, kwa sababu gari lilikuwa hapa, limeshikwa, "karibu kuwa tayari." Tangu jana miguu ilikuwa imevimba mpaka hawezi kufunga kamba za viatu, na usiku alilala ameketi kwa sababu akijinyoosha hapati pumzi. Leo alitakiwa kuwa kitandani mbele ya mashine saa sita mchana, na yule nesi wa Marquette alikuwa amesema kwenye simu, bila kuzungusha, kwamba kukosa mara mbili si mchezo. Jirani aliyewaleta asubuhi alikwisha kwenda kazini.

Na gari halitoki mpaka bili ilipwe. Ndivyo sheria inavyosema, na funguo zilikuwa zinaning'inia ukutani nyuma ya kichwa cha Kelsey, pamoja na kisamaki cha mbao Reino alichokichonga. Verna aliweza kukiona vizuri kabisa.

"Tusikilizane, binti yangu," alisema. "Hamkuniuliza. Mlisema mia sita na arobaini. Mkitaka kuzidisha mnapaswa kuniuliza kwanza, hiyo ni sheria ya jimbo, imebandikwa pale ukutani kwenu."

"Tulipiga simu Jumanne." Kelsey aliigeuza kompyuta kidogo. "Imeandikwa hapa. Mteja ameelezwa, mteja amekubali."

"Mteja ni mimi, gari ni langu. Jumanne nilikuwa na sufuria mbili za supu motoni. Mliongea na nani?"

Kelsey alitazama skrini, kisha akatazama viti vya nyuma. "Na bwana."

Verna aligeuka. "Reino. Walikupigia simu?"

"Mm," alisema Reino.

"Ukawaambia nini?"

Reino alifikiri. "Mm."

Hakuwa anajibu mara ya pili. Alikuwa anaeleza alichosema.

Wajukuu wa Wafini waliokuja kuchimba shaba huku kaskazini hawajulikani kwa maneno mengi, na hata miongoni mwao Reino alihesabiwa bubu. Siku alipomposa Verna alisimama mlangoni mwa chumba cha kuogea mvuke, akamwambia, "Sauna imepata moto," Verna akaelewa, na hawakulizungumza tena mpaka siku ya harusi. Kwa mtu kama yeye, "mm" kwenye simu maana yake ni kwamba yu hai na simu iko sikioni.

"Aliongea mfululizo," alisema Reino. "Nilikuwa namngoja amalize."

"Na alipomaliza?"

"Akakata."

Verna alifumba macho kidogo. Hakumkasirikia Reino, ingawa alitamani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Alimkasirikia mtu aliyesikia pumzi ya mgonjwa ikitoka puani, akaiandika kuwa dola elfu tatu.

Zamani isingetokea. Bango la nje bado lilisema Sundqvist, lakini mzee Sundqvist aliuza duka mwaka jana kwa kampuni ya kusini, kampuni yenye maduka kama haya kila mahali. Wakapaka kuta rangi ya kijivu, wakaleta mashine ya bisi, wakaleta na meneja kutoka jangwani, Arizona. Mzee Sundqvist naye alikuwa mwizi, usidhani, lakini alikuibia huku anakutazama usoni, na ukimwambia amezidi anapunguza.

"Haya," alisema Verna. "Nipe vyuma vyangu vya zamani."

"Vyuma?"

"Mlivyovitoa. Shokapu, mikono, vyote."

Kelsey alionekana kushangaa, na hilo pekee lilitosha kumwonyesha Verna mambo yalivyobadilika. Nivala hakuna mtu anayetengenezewa gari akaondoka bila vyuma vyake. Sundqvist alikuwa anaviweka kwenye boksi kiti cha nyuma bila kuombwa, na watu walikwenda navyo nyumbani kuvifanya nanga za mashua na vizuizi vya milango, au waliviacha tu nyuma ya sauna kusudi wageni wavione na kuuliza. Ni mali yako. Umeilipia mara mbili, ilipoingia na ilipotoka.

Kelsey alipiga simu karakana. Walichukua muda mrefu. Mwishowe boksi lilikuja juu ya kitoroli, likawekwa sakafuni mbele ya Verna, na Verna akainama.

Mwenye macho haambiwi tazama. Vyuma vilikuwa vizuri. Rangi nyeusi ya kiwandani ilikuwa bado juu yake, herufi na namba zilisomeka zote, na kwenye pembe kulikuwa na vumbi jekundu, jepesi, linalopepea ukilipuliza. Verna alipitisha kidole kwenye mkono mmoja, kikatoka na vumbi na si kitu kingine.

Sasa, gari la Verna lilikuwa limepita majira tisa ya baridi katika Nivala. Huko barabara humwagiwa chumvi tangu Novemba mpaka Aprili ili barafu isishike, na ile chumvi huyeyuka ikarukia chini ya magari, ikala. Inakula mabomba ya breki, inakula sakafu mpaka unaona lami kati ya miguu yako. Kila mtu aliyezaliwa pale, hata mtoto, anajua chuma cha miaka tisa kinavyofanana. Ni kahawia, kimevimba, kinamenyeka kwa magamba ukikigusa.

"Hivi si vyangu," alisema.

Kelsey hakubisha. Alitazama ndani ya boksi, na uso wake ukabadilika, maana naye alizaliwa Nivala. Akanyanyua simu. "Nakuitia meneja," alisema kwa sauti ndogo.

Travis Oldham alikuja anatabasamu, mkono mbele. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, meno safi, fulana ya kampuni imepigwa pasi. "Mama Ollila. Nasikia tuna wasiwasi kidogo kuhusu bili."

"Mimi sina wasiwasi. Hivi si vyuma vya gari langu."

Travis alichuchumaa, akachukua mkono mmoja, akauonyesha. "Ona hapa, mama. Bushi imepasuka. Mpira umekauka kabisa. Hiki kilikuwa hatari, ungekuwa barabarani na mzee..."

"Mpira umepasuka kwa jua. Kutu iko wapi?"

"Samahani?"

"Kutu, kijana. Gari langu lina miaka tisa hapa. Kutu yangu iko wapi?"

Travis alikitazama kile chuma alichokishika, akakigeuza huku na huku. Kwake kilikuwa chuma kikuukuu kama vyuma vikuukuu vyote alivyowahi kuviona, na hapo ndipo alipojikwaa. Alikuwa amefika Oktoba. Hajawahi kuona gari la hapa likinyanyuliwa na kutazamwa chini, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuingia karakana.

"Inategemea," alisema. "Sehemu nyingine hupata kutu, nyingine hazipati."

Kelsey aliangalia kibodi yake.

"Hivi vyuma havijawahi kuonja chumvi," alisema Verna, na ahadi ya kutofoka ikaanza kumponyoka. "Vimetoka huko kwenu. Yale magari yenu kule mbele, yameandikwa nini kwenye vioo?"

Hakuhitaji kujibiwa. Kila kioo cha gari kuukuu lililouzwa pale kilikuwa kimeandikwa kwa rangi ya njano, maneno makubwa: LIMETOKA KUSINI, HALINA KUTU. Waliyaleta kwa malori, wakabadilisha vilivyochakaa, wakayauza ghali kwa sababu hiyohiyo.

"Nataka gari langu lipandishwe juu nilitazame."

"Wateja hawaruhusiwi karakana, mama. Ni mambo ya bima."

"Liko wapi sasa?"

"Liko nje, limeoshwa, tayari kabisa kwa ajili yako, tukishamaliza hapa."

Verna alimgeuzia mgongo. Alitoka. Nje ilikuwa Machi, theluji imegeuka uji mweusi, na gari lake jeupe lilisimama karibu na ukuta. Verna alikuwa na miaka sitini na mbili na goti baya. Alilala chali kwenye ule uji na koti lake la kanisani, akajisukuma chini kwa visigino, akawasha taa ya simu.

Mikono ilikuwa yake. Angeitambua popote. Kahawia, imemenyeka, na matope ya barabara ya kwao yamekauka katika kila kona. Hakuna spana iliyoigusa tangu ilipotoka kiwandani. Shokapu zilikuwa zilezile. Kitu kipya kilikuwa kimoja tu, kifimbo cha kuunganisha upande wa kushoto, urefu wa shubiri, kinang'aa katikati ya ule uozo wote. Ndicho kilichokuwa kinagonga. Kilikuwa kimetolewa na kuwekwa kingine, na gari likapona, na juu ya ule ufupi wa chuma wakajenga ghorofa la uongo.

Akapiga picha. Maji ya chumvi yalimdondokea mdomoni, akayatema. Alifikiria jana usiku, Reino kaketi kitandani gizani akihangaika na pumzi, na hili gari likiwa limeegeshwa hapa limekamilika kwa kazi ya nusu saa, likingojeshwa ili kazi ionekane kubwa. Angekufa. Mume wake angekufa kwa ajili ya hiki kifimbo na matambara ya dola tisini.

Alirudi ndani akidondosha maji. Travis alimwona, akaona na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza meno yake yakafunikwa. "Tuingie ofisini," alisema, "tuzungumze kama watu wazima."

Mlango ulifungwa. Verna hakukaa. Aliweka simu mezani, picha juu, na maneno aliyoyasema hapo hayakuwa ya kanisani kama lile koti. Alimwita mwizi. Alimwita mwizi wa wagonjwa. Alimwambia mtu akiiba kwa shida huonewa huruma kidogo, lakini huyu ameiba na bado anamtabasamia aliyemwibia. Travis alisikiliza huku ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja mvua ipungue. Alikuwa amezoea, na hilo lilimuudhi Verna kuliko tabasamu.

"Nakubali, fundi amekosea," alisema Travis alipopata nafasi. "Amechanganya magari mawili. Inatokea. Kampuni yetu inapenda kuyaweka mambo sawa."

"Fundi gani? Mwite."

"Nitashughulika naye mwenyewe." Alivuta droo, akatoa karatasi, na Verna aliona kwamba haikuchapwa leo. Ilikuwa tayari, na mapengo ya kujaza jina na kiasi. "Utalipa mia moja na hamsini tu, kile kifimbo na kazi yake. Mengine yote tunayafuta. Wewe unaweka saini hapa kwamba tumeelewana, na kwamba jambo hili linabaki baina yetu. Hutaliandika kwenye mtandao, hutalipeleka jimboni, hutamwambia mtu."

"Na nikimwambia?"

"Basi makubaliano yamevunjika, bili ya mwanzo inarudi yote, na gharama za mwanasheria."

Verna aliisukuma karatasi. "Nitalipa mia moja na hamsini, na mdomo wangu ni wangu."

"Basi itabidi tungoje makao makuu." Travis alitazama saa yake, taratibu, ili Verna naye aitazame. "Leo Ijumaa. Labda watanijibu Jumatatu."

Alijua. Hakuna aliyemwambia habari za Marquette, lakini alimwona Reino kwenye kile kiti, aliona viatu visivyofungwa, na mtu wa biashara hujua kusoma shida. Mnyonge hana haki, na ukitaka kujua unyonge wa mtu tazama saa inavyomwendesha. Ilikuwa saa nne na robo. Wasipoondoka sasa hivi hawafiki.

Mlango ulifunguka. Reino alikuwa amesimama pale na fremu yake, uso wake wa rangi ya majivu, anahema kwa hatua chache tu alizotembea.

"Verna," alisema. "Weka saini."

"Unajua wamefanya nini? Hawakubadilisha kitu. Jumatano gari lilikuwa..."

"Weka saini, twende."

Alimtazama miguu. Ngozi ya kifundo ilikuwa imemwagika juu ya kiatu. Verna alichukua kalamu, akaandika jina lake kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo kwenye mkia wa herufi ya mwisho, na alijiona mchafu kuliko alipokuwa chini ya gari. Travis alichukua karatasi, akashukuru kwa uelewano, akawafungulia mlango kama watu waliokuja kunywa kahawa.

Kwenye kaunta Kelsey alipokea mia moja na hamsini bila kuinua macho, akampa funguo. Verna alimshika Reino kwapani. Walikuwa hatua chache tu na mlango wa nje pale mtu alipoingia akipangusa theluji kwenye buti zake.

Alikuwa Laverne Pelkey, mjane wa dereva wa lori la magogo, anayefuma soksi na kuziuza kwenye bazaa ya kanisa. Alikuwa amebana mkoba kwapani na karatasi mkononi.

"Verna, afadhali nimekuona," alisema. "Hebu nisaidie. Langu linagonga mbele. Wamenipa hesabu hii, shokapu na mikono sijui ya nini, karibu elfu nne. Nimekuja kuwaachia. Nimeuza ile mashua ya marehemu." Alishusha sauti. "Wewe si ndiyo umetengenezewa hapa sasa hivi? Watu wa kweli hawa?"

Verna alifungua mdomo.

Travis alikuwa amesimama pale karibu na mashine ya kahawa, kikombe mkononi, anamtazama. Hakukunja uso. Alitabasamu tu, tena kwa adabu, na akagonga kwa kidole mfuko wa fulana alimoitia ile karatasi.

Elfu tatu mia nane na sitini, na mwanasheria juu yake. Mshahara wa mpishi wa shule, na mafuta ya kwenda Marquette mara tatu kwa wiki maisha yote ya Reino. Macho yalimjaa Verna maji kwa hasira, hasira isiyo na mahali pa kwenda. Alijichukia. Laverne alikuwa bado anamtazama, ameinua nyusi, anangoja neno moja.

"Ni..." alisema Verna, ikaishia hapo.

"Laverne," alisema Reino. "Usiwape gari."

Haikuwa sauti kubwa, hakuwa na pumzi ya sauti kubwa. Lakini Kelsey aliacha kuchapa. Reino alikuwa amegeuza fremu yake, akaegemea kwa mikono yote miwili, akamwelekea Laverne.

"Ni wezi," alisema. "Wamechukua gari la Verna siku tano. Wameweka kifimbo kimoja tu, urefu wa shubiri. Wameandika elfu nne. Amewaomba vyuma vya zamani, wameleta vyuma vya gari la jangwani, havina kutu. Nimeviona mwenyewe kwenye boksi, nilikuwa nimekaa pale. Visafi. Havina kutu, Laverne."

"Havina kutu?" alisema Laverne, na hakuhitaji maelezo mengine.

"Bwana Ollila," alisema Travis, ameweka kikombe. "Mkeo ametia saini."

"Amesaini yeye."

"Makubaliano yanawahusu ninyi..."

"Gari lake, mkono wake. Mimi hukunipa kalamu." Reino alivuta pumzi, ikachukua muda, na hakuna aliyethubutu kuingilia. "Mnapotaka pesa mnanipigia simu nyumbani, mimi ndiye mteja. Mnapotaka watu wanyamaze mnaniacha kwenye bisi. Niliwasikia. Mlango wako ni mwembamba, kijana. Ungeniuliza mlango mzuri unavyotengenezwa, mimi nimetengeneza milango miaka arobaini."

"Reino, pumzika," alisema Verna.

"Sijamaliza." Alimgeukia Kelsey, na hapo sauti yake ikawa kali kuliko kwa Travis. "Na wewe ni wa hapa. Baba yako alizaliwa mtaa mmoja na mimi. Ulikitazama kile chuma ukajua. Nimekuona ukijua."

Kelsey alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Laverne Pelkey aliikunja ile hesabu yake mara nne, akaitia mkobani, akafunga zipu. Akamtazama Travis kutoka kwenye buti mpaka kwenye meno, akatoka nje, na kupitia kioo walimwona akiegemea gari la mtu aliyekuwa anaingia, anagonga dirisha lake kwa pete.

"Mtapata barua," Travis alimwambia Verna. Hakuwa anatabasamu tena. "Bili yote. Nakuhakikishia."

Verna alikuwa na majibu, yamepangana mpaka kwenye meno, lakini mumewe alikuwa ananing'inia mkononi mwake akihema, na saa ilikuwa inakwenda. Alimtoa nje, akamwingiza garini, akamfunga mkanda kwa sababu vidole vyake havikuweza tena. Aliwasha, akatoka barabarani kwa kasi ambayo polisi wa Nivala wasingeisamehe.

Walipita daraja, wakapita kinu cha mbao, na gari halikugonga hata kidogo. Reino aliegemeza kichwa kwenye kioo. Midomo ilikuwa imemkauka, na maji alikuwa amekatazwa, basi Verna akampa kipande cha barafu kutoka kwenye chupa ya baridi aliyoibeba tangu nyumbani.

"Watatushtaki," alisema Verna. "Reino, hatuna elfu nne. Hatuna hata moja. Wewe ndiye uliyeniambia niweke saini."

"Usingesaini, tusingeondoka."

"Kumbe ulikuwa umepanga?"

"Hapana." Alinyonya barafu. "Nilikuona mlangoni pale, Laverne anakuuliza, na wewe huwezi kusema. Wewe. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile."

Machozi yalimfichia Verna barabara, akayapangusa kwa mkono wa lile koti chafu, chumvi juu ya chumvi.

"Wakitushtaki na waje," alisema Reino. "Hakimu ataniuliza, na mimi nitamweleza. Yule meneja nitamsema, na yule aliyepiga simu, na hayo matambara yao. Umeyaona hayo matambara? Dola tisini. Nitataka nionyeshwe."

Akaendelea. Aliisema kampuni, akamsema Sundqvist kwa kuuza, akaisema rangi ya kijivu, akasema mambo ya mwaka themanini na mbili ambayo Verna hakujua kwamba yalimuuma. Kila maneno machache alisimama kutafuta pumzi, Verna akadhani amemaliza, kumbe bado. Yeye aliendesha, amenyamaza, akitazama saa, na Marquette ilipotokea mbele yao Reino alikuwa bado anaongea.